Wasomaji Wauliza: Mbona Gitaa la Besi Halirudishi Fedha Yake?

Barua nne kati ya zilizonifikia mwezi huu zinazungumzia jambo moja, ingawa waliozileta wako mbalimbali na hawajuani: gitaa la besi lililonunuliwa kwa fedha nzuri halipati mnunuzi wa bei inayolingana nalo. Nimeamua kuyaacha maswali mengine yote yasubiri toleo lijalo ili hili lijibiwe kwa utulivu. Mimi si dalali wa vyombo vya muziki, ila nimepiga besi kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo nimenunua na kuuza magitaa ya kutosha kuyajua maumivu ya pande zote mbili. Waandishi wa barua wameomba majina yao yasitajwe.

SWALI: Ndugu mwandishi, pokea salamu kutoka Nairobi. Januari 2024 nilinunua gitaa jipya la besi la nyuzi tano, lililotengenezwa Indonesia, kwa shilingi 62,000. Nimelitunza kama yai, halina hata mkwaruzo. Sasa ninahitaji karo ya mtoto, na aliyefika bei ya juu kuliko wote amenipa 28,000. Wenzangu katika bendi wanasema ninadhulumiwa na kwamba nikisubiri bei itarudi. Nisubiri au niuze? – Mpiga besi, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, kabla hatujamlaumu huyo mnunuzi tupige hesabu pamoja, kwa sababu ndani ya hizo shilingi 34,000 unazoziona zimepotea kuna hasara za aina tofauti zilizochanganyika, na kubwa kati ya hizo haihusiani kabisa na namna ulivyolitunza gitaa lako.

Anza na sarafu. Ulinunua katika mwezi ambao dola moja ya Marekani iligharimu takribani shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huohuo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Magitaa huagizwa kwa dola, kwa hiyo shilingi 62,000 ulizolipa zilikuwa sawa na dola 387 hivi, na dola hizohizo kwa shilingi 129 ni takribani shilingi 50,000. Natambua kwamba duka lina ushuru, usafiri, pango na faida yake, na kwamba bei ya dukani haishuki siku ileile dola inaposhuka. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi: gitaa kama lako, jipya, likiwa ndani ya boksi lake, liliweza kuuzwa kwa shilingi 12,000 pungufu ya ulizolipa wewe, bila mtu yeyote kuligusa lako. Mnunuzi wa kitu kilichotumika hapimi bei yake kwa risiti uliyonayo mfukoni. Anaipima kwa bei ya kipya anachoweza kukipata leo.

Hatua ya pili ni ile ya kuvuka mlango wa duka. Anayenunua kwako hapati dhamana, hachagui rangi, wala hana mahali pa kulirudisha gitaa likianza kukoroma baada ya wiki moja. Kwa mambo hayo hudai apunguziwe, na kwa uzoefu wangu mapatano mengi ya magitaa ya kiwango cha kati huangukia kwenye theluthi mbili za bei ya jipya, au chini kidogo ya hapo. Theluthi mbili za 50,000 ni 33,000 na ushee. Sasa unaona kwamba kutoka hapo hadi 28,000 ulizopewa ni mwendo mfupi tu, na mwendo huo ndio bei ya haraka yako, kwa maana mnunuzi akisikia neno karo hujua kwamba una tarehe.

Lipo pia jambo linalolihusu gitaa la besi peke yake. Bendi ya dansi inaweza kuwa na mpiga solo, mpiga ridhim na mpiga solo la pili, lakini besi ni moja. Kwa hiyo penye wanunuzi watatu wa gitaa la kawaida, wa besi ni mmoja, na huyo mmoja huenda tayari analo. Kijana anayejifunza nyumbani peke yake huchagua gitaa la nyuzi sita kwa sababu anaweza kuimba nalo. Kanisani, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda umezoea kuifanya kazi ya besi, na studioni besi nyingi tunazozisikia katika nyimbo za leo zimechezwa na programu ya kompyuta. Sisemi hivyo kwa furaha. Benga bila besi ya mtu halisi huniumiza masikio, na sebene ya Kikongo ambayo besi yake haipumui pamoja na ngoma si sebene kwangu. Lakini soko halisikilizi masikio yangu, na soko lenye wanunuzi wachache huyumbishwa na kila muuzaji mwenye shida.

Wenzako wanaokuambia usubiri huenda wanaifikiria miaka ya 2020 na 2021. Wakati huo watu walifungiwa ndani kwa sababu ya UVIKO-19, na mamilioni yao huko Marekani na Ulaya wakaamua kujifunza muziki. Kampuni ya magitaa ya Fender, ya Marekani, iliufanya mwaka 2020 kuwa mwaka wa mauzo makubwa kuliko yote iliyowahi kuwa nayo hadi wakati huo, ilhali miaka miwili tu kabla ya hapo mshindani wake wa siku nyingi, Gibson, alikuwa amewasilisha ombi la kufilisika mahakamani, mwezi Mei 2018. Viwanda na meli vilichelewa, maduka yakakauka, na kilichotumika kikauzwa karibu na bei ya kipya. Baadaye milango ikafunguliwa, watu wakarudi kazini, na magitaa yaliyonunuliwa kwa shauku yakaanza kuuzwa moja moja. Bei wanayoikumbuka ilikuwa mawimbi ya msimu ule, na si jambo la busara kumzuilia mtoto karo ukiyangoja.

Nikutajie sababu nyingine, ambayo ndiyo mzizi wa yote. Simu iliyotumika hushuka bei kwa kuwa mpya inaishinda. Besi haishuki kwa kupitwa na wakati. Mwanzilishi wa kampuni ya Fender, aliyeitwa Leo Fender, alipoitoa besi iitwayo Precision Bass mwaka 1951, kule California, aliunda ubao mzima usio na uwazi, akaufungia shingo kwa skrubu, akaweka nyuzi nne na urefu wa uzi wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Akaiita Precision, yaani usahihi, kwa sababu freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zilimwezesha mpigaji kuigusa noti barabara, jambo lililokuwa gumu kwenye lile besi kubwa la kusimama. Zaidi ya miaka 70 imepita na besi nyingi zinazotengenezwa leo bado zinafuata umbo hilo, na vipimo vyake vinajulikana kwa kila fundi. Kwa kuwa ubunifu haukuhama, viwanda vilihamia kwenye kuupunguzia gharama. Mashine zinazoongozwa na kompyuta huchonga shingo elfu moja zinazofanana, na kiwanda cha Indonesia au China leo hutoa besi ya bei ndogo ambayo, ikirekebishwa vizuri, hupigika jukwaani bila aibu. Nilipoanza mimi, besi ya bei ndogo ilikuwa na shingo iliyopinda kama upinde, na ndiyo maana tulizililia zilizotumika zenye jina. Leo kijana mwenye shilingi 30,000 ana njia mbili mbele yake, lako lililotumika la kiwango cha kati au jipya la kiwango cha chini, na hiyo ya pili haimtishi tena.

Basi nikushauri. Kama karo inaweza kungoja wiki mbili, ng'ang'ania shilingi 32,000, na uwaendee wanaohitaji chombo cha kufanyia kazi kuliko wanaotafuta bahati: makanisa yanayounda bendi, shule zenye vikundi vya muziki, vijana wanaopiga hotelini. Weka nyuzi mpya kabla ya kumwonyesha mtu, kwa kuwa nyuzi zilizokufa hulifanya gitaa zima lisikike limechoka. Mruhusu alisikie kwenye spika yenye nguvu, maana uzi wa tano wa chini, ule wa B, hautoi heshima yake kwenye spika ndogo. Usibadilishe sumaku zinazonasa sauti wala vitufe kwa matumaini ya kuongeza bei, kwa kuwa fedha hiyo hairudi. Kama una mkanda, kasha gumu au vifaa vya kanyagio, viuze mbalimbali. Na neno karo, ndugu yangu, usilitamke mbele ya mnunuzi.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mhazini wa kwaya hapa Mwanza. Tumechanga shilingi 700,000 za Tanzania kwa ajili ya gitaa la besi. Baadhi ya wanakwaya wanataka jipya, wengine wanasema zilizotumika zimeshuka sana bei, tuchukue lililotumika lenye jina kubwa. Wengine wanasema tungoje zishuke zaidi. Tunaomba mwongozo, maana fedha hizi ni za sadaka. – Mhazini, Mwanza

JIBU: Amina, ndugu mhazini. Nianze na wanaotaka kungoja, na niwajibu kwa ufupi: kila Jumapili mnayoimba bila besi ni gharama pia. Besi iliyotumika imekwisha kushuka sehemu kubwa ya kushuka kwake mikononi mwa mmiliki wa kwanza, na ndiyo maana mkilinunua kwa bei ya haki leo, na mkalitunza, mnaweza kuliuza baada ya miaka mitatu bila kupoteza fedha nyingi. Hasara iliyomuumiza ndugu yetu wa Nairobi ndiyo faida yenu.

Msitumie fedha zote 700,000 kununua gitaa. Tengeni sehemu yake kwa nyuzi mpya, waya mzuri na malipo ya fundi wa kurekebisha shingo na urefu wa nyuzi. Gitaa la 500,000 lililorekebishwa litawahudumia vizuri kuliko la 700,000 lenye nyuzi zilizo juu kama kamba za kuanikia nguo, linalomuumiza kijana vidole hadi akaacha kuja mazoezini.

Kuhusu jina kubwa, nawasihi muwe waangalifu. Jina huandikwa kwenye kichwa cha gitaa kwa karatasi nyembamba ya kubandika, na karatasi hiyo hupatikana kwa urahisi. Kwa bajeti yenu, besi yenye jina la Fender ya Marekani ikija mbele yenu kwa shilingi 600,000, kilichoshuka hapo si bei. Tafuteni badala yake chombo cha kawaida chenye afya. Besi za kampuni ya Ibanez za mfululizo wa SR, ulioanza mwaka 1987, zina shingo nyembamba inayowafaa vijana wenye mikono midogo. Yamaha hujulikana kwa uimara. Squier, jina ambalo Fender walianza kulitumia mwaka 1982 kwa magitaa yao ya bei nafuu yaliyotengenezwa Japani, leo hutengenezwa Indonesia na China na zipo nyingi.

Mnapokwenda kulitazama, mwende na mtu anayepiga. Alishike gitaa kama anayelenga bunduki na kutazama shingo kwa urefu wake wote, aone kama imejikunja au imejisokota. Kujikunja kidogo hurekebishwa na kile chuma kilicho ndani ya shingo. Kujisokota hakurekebishwi kirahisi, na hapo muondoke bila majadiliano. Abonyeze kila noti kwenye kila uzi, kuanzia juu hadi chini, na asikilize noti inayokufa ghafla au inayokwaruza freti. Azungushe kila kitufe gitaa likiwa limeunganishwa kwenye amplifaya. Mkwaruzo wa vumbi si tatizo, kwa kuwa husafishwa kwa dakika tano, lakini sauti inayokatika mnapoligusa tundu la waya ni kazi ya fundi na iwapunguzie bei. Kama gitaa linatumia betri ya volti 9, mje na betri yenu mpya, kwa maana wauzaji wengi husingizia betri pale ambapo mzunguko wenyewe umekufa. Likiwa limetoka pwani, kagueni skrubu na madaraja ya nyuzi kama yameliwa na kutu ya chumvi.

Chukueni la nyuzi nne. Najua vijana wanataka tano. Uzi wa tano unahitaji spika kubwa ambayo barua yenu haikuitaja, na kinanda chenu huenda tayari kinajaza eneo hilo. Mwombeni pia mpiga kinanda aupumzishe mkono wake wa kushoto siku besi itakapoingia, la sivyo mtakuwa na besi mbili zinazogombana na kwaya nzima haitasikika maneno yake. Hilo la mwisho ni la muziki kuliko la bei, lakini nimeona besi zaidi ya moja ikirudishwa sokoni kwa sababu hiyo tu.

SWALI: Ndugu mwandishi, ninaishi Hamburg. Mwaka 2021 nilinunua Jazz Bass, aina mojawapo ya besi za Fender, ya Marekani iliyotumika kwa euro 1,500. Sasa nataka kurudi nyumbani Dar es Salaam kabisa, na hapa ninapewa euro 1,050. Je, niiuze huku au niibebe niiuze nyumbani, ambako ni adimu? – Mtanzania, Hamburg

JIBU: Iuze huko, ndugu yangu, isipokuwa kama unakusudia kuipiga mwenyewe. Uadimu hauzai bei pasipo na mnunuzi, na wapigaji wa Dar es Salaam wanaoweza kutoa fedha sawa na euro 1,050 taslimu kwa ajili ya besi ni wachache kiasi kwamba utawamaliza kwa siku moja. Ulinunua kipindi ambacho bei zilikuwa zimepanda kwa sababu nilizomweleza msomaji wa Nairobi, na ukizigawanya euro 450 kwa miaka uliyoipiga utaona umelikodi gitaa zuri kwa bei ya huruma.

Ukiamua kuibeba, liko jambo la mbao ambalo wengi wamelisikia nusunusu. Tangu tarehe 2 Januari 2017 aina zote za miti ya jenasi ya Dalbergia (rosewood) ziliwekwa katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa muda magitaa mengi yenye ubao wa shingo wa mti huo yalihitaji vibali yalipouzwa nje ya nchi. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, uliingia katika orodha hiyohiyo. Watengenezaji wakahamia mbao nyingine, na wauzaji wa zilizotumika wakaogopa kutuma mzigo nje. Mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo, isipokuwa vyenye mbao za Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo iko katika Orodha ya Kwanza, yenye masharti makali zaidi, tangu mwaka 1992. Besi za kale, hasa za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, ndizo zinazoweza kuwa na mbao hizo. Yako ikiwa ya miaka ya karibuni, mbao hazitakuzuia. Waulize watu wa forodha kuhusu ushuru kabla hujafunga kasha, na ulegeze nyuzi kabla ya safari ya ndege.

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Marehemu baba alipiga besi katika bendi moja ya dansi miaka ya sabini na themanini. Ametuachia gitaa zito sana, limepakwa rangi ya kijani, kichwani limeandikwa Fender. Mtu mmoja alitwambia kwamba magitaa ya zamani ni mali, tusikubali chini ya milioni 12. Juzi fundi hapa mtaani ametaka kutupa 400,000, akasema besi zote zimeshuka bei. Tumechanganyikiwa, na kaka zangu wameanza kutoelewana. Tufanyeje? – Binti yake, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba. Watu wote wawili waliozungumza nanyi wanaweza kuwa wamesema kweli, kila mmoja juu ya gitaa ambalo hakulikagua. Anayesema besi zimeshuka anazungumzia besi za kawaida za miaka ya karibuni. Anayesema ni mali anazungumzia kundi dogo la magitaa ya kale ambayo wakusanyaji hununua kwa sababu hayatengenezwi tena. Hata hilo kundi dogo lina mawimbi yake: bei za magitaa ya kale zilipanda sana hadi karibu mwaka 2008, zikaanguka pamoja na msukosuko wa fedha duniani, kisha zikainuka tena. Kazi yenu sasa ni kujua la baba yenu liko upande gani, na kazi hiyo haihitaji fedha, inahitaji bisibisi na subira.

Jueni kwanza kwamba mwaka ndio kila kitu. Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS, na wakusanyaji wameugeuza mwezi huo kuwa mpaka: yaliyotengenezwa kabla yake huthaminiwa kuliko yote. Ya miaka ya 1970 yalidharauliwa kwa muda mrefu, mojawapo ya sababu ikiwa uzito huohuo unaousema, ingawa siku hizi nayo yana watu wanaoyatafuta. Na magitaa mengi yaliyopigwa katika kumbi zetu miaka ile yalikuwa ya kampuni nyingine au ya kuiga, hivyo jina la kichwani peke yake halitoshi.

Mtafuteni fundi mwaminifu, na mmoja wenu akae pembeni yake mwanzo hadi mwisho. Alegeze nyuzi pole pole, afungue skrubu zilizo kwenye bamba la nyuma ambazo huwa nne, au tatu katika baadhi ya Jazz Bass za miaka ya 1970, kisha aitoe shingo. Kwenye mwisho wa shingo, ile sehemu inayokaa ndani ya ubao, Fender walikuwa na desturi ya kuandika tarehe kwa penseli au kwa muhuri. Piga picha yake hata kama imefifia. Halafu afungue kifuniko cha vitufe. Nyuma au ubavuni mwa kila potensiometa, yaani kile kidude kinachozungushwa na kitufe, kuna tarakimu. Tarakimu tatu za kwanza ni za aliyekitengeneza, kwa mfano 137 ni CTS na 304 ni Stackpole, na zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa hiyo 1377633 ni CTS, mwaka 1976, wiki ya 33. Kidude hakiwezi kuwa kipya kuliko gitaa isipokuwa kimebadilishwa, lakini kikikubaliana na tarehe ya shingo mmepata mashahidi wawili wasiojuana. Tazameni pia namba ya gitaa: hadi mwaka 1976 hukaa kwenye bamba la nyuma, baada ya hapo huhamia kichwani, ikianza na S kwa miaka ya sabini au E kwa ya themanini. Mkikuta JV, hilo limetengenezwa Japani kati ya mwaka 1982 na 1984, na msilidharau, kwa sababu yana wapenzi wengi.

Rangi ya kijani inanitia wasiwasi. Sijasema kijani hakikuwapo kiwandani, ila nimeziona besi za bendi zilizopakwa rangi ya madirisha ili zifanane na sare za wanamuziki. Wafanyabiashara wa magitaa ya kale huhesabu kwamba kupakwa rangi upya huondoa takribani nusu ya thamani. Kwa hiyo chunguzeni chini ya bamba la plastiki na ndani ya tundu la shingo kama kuna rangi nyingine. Na nakuomba sana, mtu asije akalisugua kwa msasa ili kulifanya lipendeze. Msibadilishe chochote, wala msitupe hata skrubu yenye kutu.

Liko jambo moja ambalo lazima niliseme ingawa si la kufurahisha. Katika miaka ile vyombo vya bendi nyingi za Tanzania havikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilibeba jina la shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Mwanamuziki alipohama bendi aliacha gitaa nyuma, na katika uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya themanini gitaa liliweza kuwa gumu kupatikana kuliko mpigaji. Simshuku marehemu hata kidogo, kwa kuwa wengi walipewa vyombo badala ya malipo yaliyochelewa, na wengine walijinunulia. Lakini tafuteni barua, risiti au mzee aliyepiga naye anayekumbuka gitaa lilikujaje, kwa sababu mnunuzi wa fedha nyingi atauliza swali hilo, na ni vizuri zaidi mlijibu nyinyi kabla hajaliuliza.

Wakati mkitafuta, kusanyeni picha za baba akiwa jukwaani na gitaa hilo, na muandike nyuma ya kila picha bendi, ukumbi na mwaka kama mnavijua. Picha hizo zinaweza kuongeza bei kidogo au zisiongeze, lakini kama gitaa litaondoka nyumbani, zitabaki. Kaka zako waambie kwamba kati ya 400,000 na milioni 12 hakuna la kugombania mpaka shingo ifunguliwe. Fundi wa mtaani mjibuni kwa adabu kwamba bado hamjawa tayari. Kisha nitumie picha tatu kupitia anwani ya gazeti, ya mwisho wa shingo, ya tarakimu za potensiometa na ya rangi iliyo ndani ya tundu, nami nitakuandikia ninachokiona.